Aliyemleta Ndiye Atakayemchukua

Niliwahi kutia saini karatasi bila kusoma mstari wake wa mwisho, na kwa sababu ya mstari huo mzee mmoja mwenye akili zake timamu alikaa kwenye wodi ya wagonjwa wa akili wiki saba zaidi ya zile alizohitaji. Mzee huyo alikuwa baba yangu mdogo. Naanza na hili kwa sababu kwetu kila mtu analijua, na nikilificha mpaka katikati kuna mtu atalisema kabla yangu.

Aibu yenyewe ni kwamba kusoma ndiyo ilikuwa kazi yangu. Hapo kilimani kwetu, upande wa Kiptere, miaka ile ya tisini, mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa barua. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata C, ile ambayo haina msalaba mbele wala mkia nyuma. Wenzangu wakaenda Nairobi, wengine chuo cha ualimu, wengine kuandikishwa kazi kwenye mashamba ya kampuni. Mimi nilienda jikoni. Nikaketi kwenye kiti cha miguu mitatu kando ya jiko, na watu wakaanza kuniletea karatasi zao: barua za shule, ilani za kiwanda cha chai, cheti cha ng'ombe aliyedungwa sindano. Nilisoma kila neno, hata jina la mpiga chapa pale chini kabisa ambalo hakuna aliyeliuliza.

Sijitetei. Kuna watu wanaoogopa nyoka. Mimi naogopa safari. Kufikia miaka ishirini na sita nilikuwa nimefika Kericho mjini mara mbili, moja ikiwa ni ya kupigwa picha ya kitambulisho. Sokoni Sigowet nilienda tu Mama akiumwa na mguu, na hata hapo nilimuuliza kwanza mguu gani. Lakini ng'ombe wetu akikohoa, mimi nilijua kama kikohozi ni cha vumbi au cha kutaka kuonekana.

Baba mdogo alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Alikuwa nyapara kwenye mashamba makubwa ya chai kwa karibu miaka thelathini. Nyapara ndiye anayeita majina alfajiri, ndiye anayegawa mistari ya kuchuma, ndiye anayepindua kikapu chako kuangalia kama umechanganya majani laini na magumu. Alistaafu akarudi nyumbani na blanketi ya zawadi, koti la kaki, na filimbi ambayo sidhani kama kuna aliyempa ruhusa ya kuondoka nayo. Mkewe alikuwa amefariki, na binti zake wote walikuwa wameolewa mbali, mmoja huko Sigor na wengine mbali zaidi. Nyumba yake ilikuwa hatua hamsini kutoka kwetu. Baba yangu alikuwa marehemu, kwa hiyo jamaa wa kiume wa karibu kabisa nikawa mimi. Mungu huwapa watu alichonacho ghalani.

Wiki ya pili filimbi ikaanza. Saa kumi na moja na nusu asubuhi, kila siku, hata Jumapili. Kisha akatoka kugawa kazi: wewe mstari huu, wewe mstari ule, wewe mwenye kikohozi kaa na watoto. Watu walicheka, wengine wakatii. Ukweli ni kwamba mwezi ule hakuna mtu kilimani aliyekosa lori la maziwa.

Baada ya filimbi zikaja namba. Kwenye laini za kampuni, yaani zile safu za nyumba za wafanyakazi, kila mlango una namba yake. Yeye aliona fedheha kilima kizima kukaa bila namba kama kambi ya watoro. Akachanganya chokaa kwenye kopo, akachukua ufito alioutafuna ncha, akapita nyumba baada ya nyumba. Sisi tukapata 14. Jiko, makao yangu rasmi, likapata 14B. Choo kikapata 14C, na nakiri kilipendeza.

Jirani yetu wa namba 15 alikuwa mama kutoka upande wa ziwa. Mumewe alikuwa fundi wa mitambo kiwandani, na yeye mwenyewe aliuza samaki wa kukaanga na omena, wale dagaa wa ziwani, karibu na kituo cha kupimia majani. Yeye alimshukuru mzee kwa namba yake, akamwambia sasa wateja wa mkopo watajua pa kuleta deni.

Aliyekasirika ni mwenyekiti wa kokwet. Kokwet ni baraza la majirani, linaloketi kwenye nyasi na kuamua mambo yetu kabla hayajamfikia chifu. Mwenyekiti alipewa 22, na mdogo wake, kwa sababu ya kuishi karibu na barabara, akapewa 3. Hilo halikusameheka.

Tulicheka kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa. Baba mdogo alikuwa anakonda. Alianza kuongea tangu kukamua kwa asubuhi hadi kukamua kwa jioni bila kuweka koma. Nilimpelekea ugali mchana nikakuta uji wa asubuhi umefanya ngozi. Macho yake yakawa mekundu kama ya mtu aliyepuliza moto wa kuni mbichi.

Halafu ikaja siku ya mvua ya mawe. Kwetu mvua huja mchana kama mtu mwenye miadi, na mara nyingi huja na mawe yanayochana majani ya chai vipande vipande. Watu wote tulikimbilia ndani. Nikachungulia, nikamwona baba mdogo katikati ya chai, shati tupu, anaita majina. Alikuwa anaita wachumaji wa zamani, watu waliostaafu, watu waliokufa, na baada ya kila jina anangoja ajibiwe. Damu ilikuwa inashuka kando ya sikio lake.

Nilisema nitatoka mawe yakipungua. Mama wa namba 15 alikuwa njiani na karai la omena kichwani. Hakungoja kitu kipungue. Alimwaga omena wote kwenye nyasi, akakimbia katikati ya chai, akamfunika mzee kichwa kwa lile karai, akamkokota mpaka mlangoni kwetu. Mawe yalilia juu ya karai kama mkutano wa injili. Mimi nilifungua mlango. Huo ndio mchango wangu. Kuku wetu walikula Krismasi ya mapema.

Kesho yake kokwet ikaketi. Mwenyekiti alianza na jambo lililomuuma.

"Mtu ananiita mimi ishirini na mbili. Mimi! Na mdogo wangu ni tatu. Hiyo ni akili?"

"Aombewe kanisani," mmoja akasema.

"Aliombewa Jumapili. Akamwambia pasta amechelewa dakika sita."

"Na alikuwa amechelewa," sauti ikatoka nyuma.

Baba mdogo mwenyewe alikuwepo, bandeji kichwani, anatuhesabu kwa kidole. "Wako thelathini na mmoja," akatangaza. "Wagonjwa wawili, mlevi mmoja."

"Mlevi ni nani?" mtu mmoja akauliza kwa hasira, na sote tukatazama chini kwa adabu.

Wanawake walikuwa wamesimama kando, na mama wa namba 15 kando ya kando, maana si wa ukoo wala wa lugha. Ndiye aliyeinua mkono.

"Samahani wazee. Kuna mtu amemuuliza mwenyewe?"

"Mama," mwenyekiti akasema, "mgonjwa wa kichwa anaulizwa nini?"

"Anaulizwa anaumwa wapi. Hata ng'ombe, daktari anamshika tumbo kwanza."

Wakamgeukia. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, baba mdogo akaongea polepole. "Mimi silali," akasema. "Hii kichwa ni kama mashine ya kiwanda. Imewashwa, halafu mwenye swichi ameenda nyumbani. Mimi mwenyewe naiogopa."

Kama tungekuwa watu wa maana, mkutano ungeishia hapo na kazi ingeanza. Lakini manyunyu yalianza kuanguka, kila mtu akatazama juu, na mwenyekiti akasema, "Kijana wa barua, andika. Anapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili."

Nikaandika. Kurasa mbili, mwandiko wa kulalia kulia, ule uliowahi kusifiwa na mwalimu wa darasa la saba. Nilieleza habari ya filimbi. Nilieleza habari ya pasta. Suala la 22 na 3 lilichukua aya nzima, kwa sababu mwenyekiti alisimama nyuma ya bega langu. Mvua ya mawe ilipata nusu ya mstari. Neno "silali" halikuingia kabisa. Sikuligundua pengo hilo wakati ule. Nilikuwa nashangilia jinsi nilivyopata nafasi ya kutumia neno "kadhalika" mara nne.

Sasa tutampelekaje? Watu waliogopa atakataa, na hakuna aliyetaka kumfunga kamba mtu aliyekuwa nyapara wa nusu ya kilima. Hapo mimi, ambaye sijawahi kutoa wazo lolote kwenye mkutano, nikatoa moja: tumwambie kampuni inamwita arudi kazini.

Wazo lilisifiwa sana. Mtu alinipiga mgongoni.

Baba mdogo alinyoa ndevu. Akapaka viatu rangi, akavaa koti la kaki na kufunga vifungo vyote. "Nilijua watakwama," akaniambia, na furaha ilikuwa imemjaa mpaka nikaenda nyuma ya ghala kidogo kuangalia kama kuku wametaga. Tukapanda pikapu ya mtu wa maziwa, yeye mbele kama meneja, mimi nyuma na mikebe. Hospitali ilikuwa mwendo wa nusu siku, mji ambao sikuwahi kuuona na sikuwa nimeutamani.

Langoni akashuka, akatazama ukuta, akatazama watu wenye mavazi ya aina moja waliokaa juani.

"Hii si kampuni," akasema.

"Ni divisheni nyingine, Baba."

"Weri," akaniita, kama mtu anavyomwita kijana wake, "nimeandika watu kazi miaka thelathini. Mtu akidanganya huangalia viatu vyake."

Nilikuwa naangalia viatu vyangu.

"Ungeniambia tu," akasema. "Ningekuja." Akaingia mwenyewe, hakuna aliyemshika mkono.

Muuguzi, mtu mpana mwenye sauti ya kwaya, akanipa fomu nitie saini. Ilikuwa ukurasa mmoja. Lakini mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa kwetu, mwenye pikapu alikuwa anapiga honi, na nyumbani nilikuwa nimeacha maharagwe motoni chini ya uangalizi wa Mama, ambaye ni mchuma chai hodari na muunguzaji wa maharagwe hodari zaidi. Nikatia saini kwa madoido. Nikapewa nakala, nikaikunja mara nne, nikaitia mfukoni. Maharagwe yalikuwa yameungua.

Kilima kikatulia. Watu wakalala mpaka saa wanayotaka, na wiki ya kwanza nyumba tano zilikosa lori la maziwa. Ikatubidi tunywe maziwa mpaka paka wakachoka.

Baada ya mwezi barua ikaja kwa sanduku la posta la shule. Kama kawaida ililetwa kwangu nimsomee mwenyewe, na mwenyewe nikawa mimi. Ilisema mgonjwa amepata nafuu kamili, analala vizuri, anakula vizuri, na achukuliwe na aliyetia saini, kama fomu inavyosema. Nikaitafuta ile nakala kwenye suruali, nikaikunjua. Mstari wa mwisho ulikuwa pale, herufi za kawaida tu, si ndogo hata kidogo: *Aliyemleta ndiye atakayemchukua.*

Si familia. Si kokwet. Mimi na miguu yangu.

Nilipanga kwenda Jumatatu. Jumatatu ng'ombe alikuwa karibu kuzaa. Wiki iliyofuata alizaa, na ndama alihitaji mtu wa kumtazama. Halafu ikawa zamu ya kuchuma, na chai haimngoji mtu. Halafu mvua. Halafu nikasema ngoja nipone mafua, na mafua yenyewe nikayangoja yaje. Barua nikaiweka nyuma ya redio, na Mama akiuliza habari za shemeji yake nilimjibu, "Wanaendelea kumtibu." Sauti yangu ilikuwa thabiti. Viatu sikuvaa nikiwa jikoni, kwa hiyo niliangalia vidole.

Nisingizie safari tu? Safari ilikuwa nusu ya sababu. Nusu nyingine ilikuwa uso wake pale langoni. Kila nikifikiria kwenda nilimsikia akisema "ningekuja", na kiti kikanivuta chini kwa nguvu ya ajabu. Nikajiambia yuko mahali pazuri, analala, anakula. Ukitaka kumwacha mtu mahali, hakuna kitu cha kusaidia kama habari kwamba anakula.

Mchana mmoja mama wa namba 15 akaingia jikoni bila kubisha. Alikuwa ametoka kumtembelea dada yake katika mji ule ule, na bado alikuwa na vumbi la safari kwenye kitambaa cha kichwa. Mama yangu alikuwa anachambua mboga. Mimi nilikuwa nakoroga kitu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

"Nimemwona mzee," jirani akasema.

"Mzee gani?" Mama akauliza.

"Wenu. Nilipita na ndizi nimsalimie. Amenona. Anauliza kama watu wa huku mmekufa wote ama ni wengine tu."

"Si bado wanamtibu?"

"Wamtibu nini? Daktari anasema amepona kitambo. Mpaka wameandika barua."

"Barua gani?"

Wanawake wawili wakamgeukia msomaji wa barua.

"Nilikuwa nangoja barabara ikauke," nikasema.

"Barabara ya huku?" Mama akasema. "Ikauke? Mwaka gani?"

Akachukua mwiko. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na ndevu zilizoanza kueleweka, na nilipigwa mwiko mabegani mara tatu mbele ya mtu wa kuuza samaki. Jirani alingoja Mama apumzike, kisha akaendelea.

"Mimi nilitaka kuja naye leo leo. Wakanikatalia. Wanasema mimi si mtu wake. Nikawaambia, huyu nilimwekea karai kichwani siku ya mawe! Wakasema mama, karai si saini." Akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Kumbe saini ndiyo hii imekaa hapa inakoroga maji."

Kesho yake asubuhi nilikuwa njiani, jirani upande mmoja na aibu upande wa pili. Alisema ananisindikiza kwa sababu ananijua: nikiachwa peke yangu nitashuka Kericho nirudi kusema hospitali imehama.

Tulipofika, yule muuguzi mpana alitupeleka nyuma ya jengo, kwenye veranda. Baba mdogo alikuwa ameketi kwenye benchi, koti la kaki, vifungo vyote, mfuko wake magotini. Nikafikiri wamemwambia tunakuja.

"Hapana," muuguzi akasema kwa sauti ya chini. "Anaufunga huo mfuko kila asubuhi tangu tumwambie amepona. Anakaa hapo mpaka saa kumi. Halafu anarudi kuufungua."

Nilianza kuhesabu asubuhi hizo kichwani, nikaacha.

Muuguzi alifungua faili kunionyesha mahali pa saini, na ndani yake nikaona mwandiko wangu wa kulalia kulia. "Wewe ndiwe mwandishi?" akauliza. Nikakubali. "Tuliisoma hii yote, mimi na daktari. 14B ni nini?"

"Ni jiko."

Akacheka mpaka faili likatikisika. "Bwana, hapa tumetibu kukosa usingizi na kilicholetwa na kukosa usingizi. Hilo alitueleza mwenyewe siku ya kwanza. Mambo ya namba hatukuyatibu. Ile ni tabia, mtarudi nayo."

Nikaenda kwenye benchi. Njia nzima nilikuwa nimetunga hotuba yenye utangulizi, kiini na hitimisho.

"Umechelewa," baba mdogo akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Sababu?"

Hotuba ikapotea. "Uvivu," nikasema. "Na nilikuogopa."

Akafikiri kidogo, kama mtu anayeamua aandike nini kwenye daftari la kazi. "Ya pili naipokea," akasema. "Ya kwanza nilikuwa nayo tayari." Akasimama, akamkabidhi jirani mfuko wake aushike, si mimi, tukaondoka.

Nyumbani alikunywa mursik, maziwa yetu ya mgando, nusu kibuyu bila kupumua, akalala kutwa kucha, na Mama akawa anapita dirishani kwake kila saa kusikiliza anavyokoroma kama anasikiliza redio. Aliendelea na vidonge vyake. Na namba kweli alirudi nazo: wiki ile ile alimrekebishia mwenyekiti kutoka 22 hadi 1, kwa hesabu ya kuanzia juu, na urafiki ukafufuka.

Mimi nilingoja kulaumiwa. Siku ya nne akaja jikoni, akageuza debe, akaketi.

"Mnadhani nimekasirika kwa kupelekwa," akasema. "Sikukasirika. Siku ile ya mawe ningekuwa nyapara wenu ningejipeleka asubuhi, nisingengoja mkutano. Mtu akisimama kwenye mawe anaita marehemu, usimwombe ruhusa, mtoe."

"Sasa Baba..."

"Ngoja. Nilikasirika kwa koti. Mlinifanya nivae koti." "Na ile benchi. Wazimu niliupata wiki chache. Zile zingine zote nilikuwa mzima, na hakuna kitu kigumu kama kukaa mzima mahali pale, maana ukilia wanaandika, ukicheka wanaandika."

Nimesikia baadaye watu wenye masomo wakibishana. Mmoja anasema mtu asipelekwe kamwe bila kutaka, mwingine anasema akishachanganyikiwa hana tena la kutaka. Mimi sina masomo ya kutosha kuingia humo. Najua tu kwamba ningempeleka tena, na kwamba niliyoyafanya kabla na baada ya kumpeleka yote yalikuwa mabaya. Haya yote mawili nimeyabeba pamoja na hayajawahi kugombana.

Kisha akanituma kalamu. Akaniambia niandike, polepole, na bila "kadhalika". Kwamba yeye, akiwa na akili zake, anakubali: akikosa usingizi siku nne mfululizo apelekwe. Lakini kwanza aulizwe. Aambiwe kweli anapelekwa wapi. Na mtu wa kutia saini, kwa hiyo mtu wa kumrudisha, awe mama wa namba 15.

Jumamosi karatasi ikasomwa mbele ya kokwet, nikiisoma mpaka chini. Kelele ikazuka hapo mwisho.

"Mzee, huyu si wa damu!" mwenyekiti akasema. "Watu watasema nini? Kijana wa ndugu yako yupo!"

"Wa damu nilikuwa naye," baba mdogo akasema. "Huyu hapa. Alikuwa akikoroga."

Walicheka mpaka wakapitisha, na hakukuwa na hata tone la mvua la kuwaharakisha. Mama wa namba 15 akaitwa mbele, akatia saini baada ya kusoma kila neno, na mistari miwili akaisoma mara mbili huku akinitazama. Sikufurahi. Mtu anaweza kustahili kuvuliwa kazi na bado ikamuuma, hasa mbele ya watu thelathini na mmoja. Tulipokuwa tunarudi nikamuuliza, kwa utani ambao haukuwa utani wote: "Sasa, mama, mimi nikipatwa na wazimu nani atanisainia?"

Hakupunguza hata mwendo.

"Mzee nitampeleka na nitamrudisha," akasema. "Wewe ukipata wazimu hatutajua, maana hata ukiwa mzima hutoki kwa hiyo kiti."